Mafiga Matatu ya Bei ya Mkulima

Mwaka wa neema shambani mara nyingi huwa mwaka wa ukata mfukoni. Mvua zikinyesha vizuri, wakulima wote huvuna kwa pamoja na kupeleka sokoni kwa pamoja, na bei huanguka kupita kiasi cha mavuno yaliyoongezeka. Sababu yake iko kwa mlaji. Mashati yakishuka bei, mtu anaweza kununua matatu badala ya moja. Lakini anayekunywa kahawa vikombe viwili kwa siku haongezi cha tatu eti kwa kuwa buni imekuwa rahisi. Kwa hiyo ziada ya magunia machache katika kila mia hutosha kuangusha bei ya magunia yote mia, na upungufu mdogo hutosha kuipandisha ghafla.

Kwa mazao ya miti hali ni ngumu zaidi. Mbuni huchukua miaka mitatu hadi minne kabla ya kuanza kuzaa vizuri. Bei nzuri ya leo huwatia watu hamu ya kupanda miche, na miche hiyo huzaa wakati bei ile imekwisha kusahaulika. Mti ukishakua hauambiwi usizae. Mkulima naye, akipata hasara, mara nyingi hujitahidi kuuza zaidi, si kidogo: ikiwa debe moja limempa nusu ya ada ya shule, atatafuta la pili. Mamilioni ya watu wakifanya hivyo kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa na sababu nzuri kabisa, wanaididimiza bei kwa mikono yao wenyewe. Kiwanda cha saruji kikiona soko limejaa huzima tanuri na kusubiri. Mwenye ekari mbili za kahawa hana tanuri la kuzima.

Usimamizi wa ugavi ni jaribio la kuwapa wakulima wote kwa pamoja uwezo ambao mwenye kiwanda anao peke yake, yaani uwezo wa kuamua mzigo kiasi gani uende sokoni na lini. Mpango wa namna hiyo husimama juu ya mafiga matatu. La kwanza ni kiasi: kila mzalishaji, au kila nchi, hupewa mgawo wake na haruhusiwi kuuzidi. La pili ni bei: kuna kanuni inayojulikana ya kuipanga, na kanuni hiyo huanzia kwenye gharama za mkulima au kwenye kiwango ambacho pande zote zimekubaliana. La tatu ni mlango: yupo mwenye nguvu ya kuuzuia mzigo usio na mgawo usiingie sokoni kwa njia za uchochoroni. Hayo mawili ya kwanza hujadiliwa sana. La tatu husahauliwa, na ndilo lililoamua mambo karibu kila mahali. Zao linaloonyesha hilo kwa uwazi kuliko mengine ni kahawa.

Moto wa Brazil

Mwanzoni mwa karne ya 20 Brazil ilikuwa ikilima sehemu kubwa mno ya kahawa ya dunia. Msimu wa 1906/07 ilivuna takriban magunia milioni 20 ya kilo 60 kila moja, mzigo uliozidi mahitaji ya dunia nzima kwa mwaka. Februari 1906 viongozi wa majimbo ya São Paulo, Minas Gerais na Rio de Janeiro walikutana katika mji wa Taubaté na kukubaliana kununua ziada kwa fedha za mkopo, kuihifadhi ghalani, kisha kuitoa polepole katika miaka ya mavuno haba. São Paulo ndiyo iliyoubeba mzigo huo, ikisaidiwa na mabenki na wafanyabiashara wa Ulaya na New York. Bei ilipanda na mikopo ikalipika.

Lakini kila gunia ambalo Brazil ililizuia liliacha nafasi sokoni, na nafasi hiyo ikajazwa na wengine. Colombia ilipanda, nchi za Amerika ya Kati zikapanda, na makoloni ya Afrika nayo yakaanza kupanda. Brazil ikawa inalipa peke yake gharama ya bei nzuri iliyokuwa ikifaidiwa na wote. Mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza 1929 ulipokausha mikopo, maghala yalikuwa yamefurika. Serikali ikaamua kuteketeza. Kati ya 1931 na 1944 Brazil iliharibu magunia milioni 78, kiasi ambacho dunia ya wakati huo ingekinywa kwa takriban miaka mitatu. Kahawa ilichomwa kwa vilima vizima, ikatupwa baharini, nyingine ikatumika kama kuni katika injini za treni. Waliokuwa wakichuma kahawa hiyo walikuwa maskini wa kutupwa. Ni vigumu kupata picha nyingine inayoonyesha kwa uchungu namna hiyo kwamba kuzalisha kwa wingi si sawa na kufanikiwa.

Somo la Taubaté lilikuwa kwamba nchi moja haiwezi kulinda bei ya zao linalolimwa na nchi nyingi. Vita vya Pili vya Dunia vilileta jaribio la kwanza la pamoja. Masoko ya Ulaya yalipofungwa, Marekani na nchi 14 za Amerika ya Kilatini zilitia saini mkataba mjini Washington mwaka 1940, kila nchi ikapewa mgawo wa kuuza Marekani. Bei iliinuka karibu mara mbili katika muda mfupi. Hapo kwa mara ya kwanza mnunuzi mkubwa alikubali kuwa mlinzi wa mlango.

Stempu ya London

Mkataba mkubwa ulikuja mwaka 1962. Miaka ya 1950 bei ilikuwa imeshuka mfululizo, huku nchi za Afrika zikiongeza mashamba na kukaribia uhuru. Wazalishaji walikuwa na shida, lakini shida ya mzalishaji peke yake haijawahi kumshawishi mnunuzi. Kilichoishawishi Marekani ni siasa. Mapinduzi ya Cuba yalikuwa yametokea mwaka 1959, na serikali ya Rais Kennedy iliogopa kwamba wakulima waliofilisika katika Amerika ya Kilatini wangefuata njia hiyo hiyo. Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ukasainiwa, na Shirika la Kimataifa la Kahawa likaanzishwa makao yake yakiwa London mwaka 1963. Nchi zinazouza na zinazonunua ziliketi meza moja. Tanganyika, Uganda, Kenya, Rwanda, Burundi na Kongo zote zilikuja kuwa ndani yake.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi kueleza na mgumu kutekeleza. Kila mwaka wajumbe walikadiria ni kahawa kiasi gani nchi wanunuzi zitahitaji, kisha wakaigawa jumla hiyo kwa nchi wauzaji. Bei ikishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, migawo yote ilipunguzwa. Ikipanda mno, migawo iliongezwa, na ikipaa zaidi iliondolewa kabisa hadi hali itulie. Katika miaka ya 1980 lengo lilikuwa kuiweka bei kati ya senti 120 na 140 za dola ya Marekani kwa ratili.

Nguvu ya mkataba ilikuwa katika kipande cha karatasi. Kila shehena ilitakiwa kuwa na cheti cha asili kilichobandikwa stempu za shirika, na stempu zilitolewa kulingana na mgawo wa nchi. Kahawa isiyokuwa na stempu ilizuiwa na forodha katika bandari za nchi wanunuzi waliokuwa wanachama. Kwa maneno mengine, hata kama bodi ya kahawa ya nchi fulani ingetaka kudanganya, afisa wa forodha wa Marekani au Ujerumani Magharibi ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Figa la tatu lilikuwepo, ila lilikuwa mikononi mwa mnunuzi.

Katika vipindi ambavyo migawo ilifanya kazi, bei zilitulia na zilikuwa bora kuliko ambavyo zingekuwa bila mkataba. Hilo halibishaniwi sana. Linalopaswa kuangaliwa kwa makini ni fedha hizo zilifika wapi, kwa sababu bei ya dunia na bei ya mkulima ni vitu viwili.

Mgawo ulikuwa wa nchi, si wa mkulima. Ili nchi itumie mgawo wake ilihitaji chombo kimoja cha kukusanya na kuuza, na hivyo bodi na mashirika ya umma yakapata nguvu kubwa. Kilimanjaro, ambako Wachaga walikuwa wameanzisha chama chao cha wakulima wa kahawa mwaka 1925 na kukirithisha kwa chama kikuu cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 pamoja na vingine vyote nchini Tanzania, na kazi zao zikachukuliwa na mamlaka za mazao. Vilirudishwa mwaka 1984. Katikati hapo mkulima alilipwa malipo ya awali, akasubiri ya pili, na ya mwisho mara nyingine yalikuja msimu mwingine ukiwa umekwisha kuanza. Ushuru na gharama za mashirika zilikula sehemu nono ya bei ya mnada wa Moshi.

Uganda mambo yalikuwa mabaya zaidi. Julai 1975 jalidi kali iliua mibuni ya jimbo la Paraná huko Brazil. Bei ikaanza kupaa, na mwaka 1977 ilipita dola tatu kwa ratili. Wakulima wa Uganda, chini ya utawala wa Idi Amin, walikuwa wakilipwa na bodi ya serikali kiasi kidogo sana cha shilingi iliyokuwa ikipoteza thamani kila kukicha. Kahawa ikavuka mpaka. Ilipita Mlima Elgon migongoni mwa watu na punda, ikapita Ziwa Viktoria kwa mitumbwi. Mwaka 1976 Chepkube, soko dogo la mpakani upande wa Kenya, likapata umaarufu ambao wazee wa Bungoma hawajausahau, kwa jinsi watu walivyotajirika pale kwa majuma machache. Neno magendo likawa jina la uchumi mzima. Wakulima wale walikuwa wakitafuta bei ya haki kwa njia pekee iliyobaki wazi, na inastahili kusemwa wazi kwamba hawakuwa wezi wa zao walilolilima wenyewe.

Mlinzi alipoondoka

Mkataba ulikufa kwa maradhi kadhaa kwa pamoja. Kwanza, nchi zilizokuwa na kahawa iliyozidi mgawo ziliiuza kwa nchi zisizo wanachama, hasa za Ulaya ya Mashariki, kwa bei ya chini sana. Sehemu ya kahawa hiyo ilizunguka na kurudi kwa siri katika masoko ya wanachama, na wanunuzi wa Marekani wakakasirika kuona wengine wakilipa nusu ya bei yao. Pili, wanywaji walianza kupenda zaidi arabika laini za Amerika ya Kati na Colombia, lakini migawo ilikuwa imefungwa kwenye mahesabu ya zamani, na Brazil haikutaka kupunguziwa fungu lake. Tatu, na hili ndilo lililokuwa zito kuliko yote, vita baridi vilikuwa vinaisha. Hofu iliyoiweka Marekani mezani mwaka 1962 haikuwapo tena.

Julai 4, 1989 migawo ilisimamishwa. Nchi zote zilifungua maghala kwa wakati mmoja, na katika miezi michache bei ilianguka kwa takriban nusu. Marekani ilijiondoa katika shirika la London mwaka 1993. Mwaka huo huo nchi zinazozalisha zilianzisha umoja wao bila wanunuzi na kukubaliana kuzuia sehemu ya mauzo, lakini hapakuwa na afisa wa forodha wa kuangalia stempu. Kila mmoja alimtazama mwenzake kwa wasiwasi, na umoja huo ukasambaratika mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wakati huo Vietnam, ambayo katika miaka ya 1980 ilikuwa na kahawa kidogo tu, ilikuwa imepanda robusta kwa kasi ya ajabu na kushika nafasi ya pili baada ya Brazil. Mwaka 2001 wastani wa bei ya dunia ulikuwa chini ya senti 50 kwa ratili, bila kuhesabu kwamba senti yenyewe ilikuwa imepungua thamani.

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro matokeo yalionekana kwa macho. Vihamba, yaani mashamba ya familia, vilivyokuwa na mibuni iliyopandwa na mababu vikaachwa bila kupaliwa wala kunyunyiziwa dawa, na wengine waling'oa miti na kupanda nyanya, mboga na migomba ya biashara. Mkoani Kagera ulishamiri utaratibu wa butura, ambao mkulima mwenye shida huuza kahawa ikiwa bado maua mtini kwa mwenye fedha taslimu, kwa bei ambayo mtu asiye na shida asingeikubali hata siku moja. Soko lilikuwa limefunguliwa kwa wanunuzi binafsi tangu msimu wa 1994/95. Malipo yalikuja haraka zaidi, na hilo lilikuwa jema. Lakini ruzuku ya pembejeo ilikuwa imeondoka, na mkulima alikutana na soko la dunia akiwa peke yake.

Katika pengo hilo ndipo ilipokua biashara ya haki, ile yenye nembo kwenye pakiti. Nembo ya kwanza ilianzishwa Uholanzi mwaka 1988 kwa kahawa ya Mexico na ikapewa jina la Max Havelaar, kutokana na riwaya ya mwaka 1860 iliyofichua mateso ya wakulima wa Java chini ya Waholanzi. Vyama vya ushirika vya Kilimanjaro na Kagera viliingia humo. Mpango huo huweka bei ya chini isiyovukwa, na kwa arabika iliyooshwa kiwango hicho kilipandishwa mwaka 2023 hadi dola 1.80 kwa ratili. Ni msaada wa kweli kwa walio ndani. Lakini una figa moja tu, la bei. Haugusi kiasi, kwa hiyo chama huuza kwa nembo sehemu ya mavuno inayohitajiwa na wanunuzi wa aina hiyo, na iliyobaki huenda soko la kawaida kwa bei ya kawaida.

Maziwa ya Kanada

Mahali ambapo mafiga yote matatu yamesimama kwa zaidi ya nusu karne ni Kanada, na si kwa zao la kusafirisha nje bali kwa maziwa, mayai, kuku na bata mzinga. Tume ya Maziwa ya nchi hiyo iliundwa mwaka 1966, na mwaka 1972 ikapitishwa sheria iliyoruhusu vyombo vya kitaifa vya kusimamia mayai na kuku. Kabla ya hapo majimbo yalikuwa yakizuiliana mayai na kuku mipakani hadi mgogoro ukafika Mahakama ya Juu ya nchi.

Kila mfugaji wa ng'ombe wa maziwa ana mgawo unaopimwa kwa kilo za mafuta ya maziwa kwa siku. Jumla ya migawo hupangwa kufuata kile ambacho Wakanada wanakunywa na kula, na hupandishwa au kushushwa mahitaji yanapobadilika. Bei anayolipwa mfugaji hupigiwa hesabu kutoka gharama za uzalishaji katika mashamba yaliyochunguzwa. Mlango nao umefungwa kwa ushuru: siagi ya nje inayozidi kiasi kilichoruhusiwa hutozwa asilimia 298.5, jibini asilimia 245.5. Mtu hawezi kulipa ushuru wa namna hiyo akabaki na faida, na ndiyo maana uliwekwa.

Mfugaji wa Kanada hulipwa na mlaji, si na hazina ya serikali, na anaweza kwenda benki akijua takriban atapata nini mwaka ujao. Ulaya ilijaribu kuweka migawo ya maziwa mwaka 1984 ili kuondokana na milima ya siagi iliyokuwa ikinunuliwa na serikali, na ilipoiondoa mwaka 2015 bei zilizama na wafugaji wengi wakapata hasara. Australia iliachia soko lake mwaka 2000 na idadi ya wafugaji wake ikapungua kwa kasi.

Hata hivyo mpango wa Kanada si pepo. Mwaka 1974, wakati chombo cha mayai kilipokuwa bado kipya, mayai milioni 28 yalioza maghalani kwa sababu mahesabu ya migawo yalikosewa huku bei ikizuiwa isishuke, na waziri wa kilimo Eugene Whelan akapata kibarua kigumu bungeni. Walaji maskini hulipa bei ile ile ya maziwa kama matajiri. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba mgawo wenyewe umegeuka mali. Katika majimbo ya Ontario na Quebec mgawo wa kilo moja ya mafuta kwa siku, ambao ni karibu sawa na ng'ombe mmoja, huuzwa dola 24,000 za Kanada, na hicho ni kikomo kilichowekwa ili bei isipande zaidi. Kijana anayetaka kuanza na ng'ombe 100 anahitaji dola milioni 2.4 kabla ya kununua ng'ombe wa kwanza. Kilichoundwa kumlinda mkulima mdogo kinamzuia mkulima mdogo wa kesho, na mashamba ya maziwa yaliyozidi 100,000 miaka ya mwanzo sasa hayafiki 10,000.

Mlango nao unasukumwa bila kupumzika. Mikataba ya biashara na Ulaya, na nchi za Pasifiki, na Marekani na Mexico, iliyoanza kutumika kati ya 2017 na 2020, kila mmoja ulifungua ufa wa kuingiza jibini na maziwa zaidi, na serikali ikalazimika kuwalipa wafugaji fidia. Juni 2025 bunge la Kanada lilipitisha sheria inayomkataza waziri wa mambo ya nje kuahidi ufa mwingine katika mazungumzo ya biashara. Nchi tajiri yenye uchumi mkubwa inahitaji sheria ili kuzuia serikali yake yenyewe isilegeze mlango. Kipimo hicho kinaeleza ugumu wa jambo hili kuliko hotuba yoyote.

Korosho na chai

Tofauti ya maziwa ya Kanada na kahawa ya Moshi inaonekana hapo. Mkanada anakunywa maziwa yake mwenyewe, kwa hiyo mlango wa soko uko nchini mwake. Kahawa, korosho na chai ya Afrika Mashariki hunywewa na kuliwa ng'ambo, na mlango wa soko hilo uko Hamburg, Mumbai au Karachi. Serikali inayouza nje inaweza kuzuia mzigo usitoke. Haiwezi kuzuia mzigo wa mwingine usiingie kule unakokwenda.

Tanzania imeweka nguvu zake katika mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005 na kuanza na korosho za mikoa ya kusini mwaka 2007. Mkulima hupeleka korosho kwa chama chake cha msingi, zinapimwa na kupangwa madaraja, zinaingia ghala lenye leseni, na yeye anabaki na stakabadhi inayothibitisha mali yake hadi mnada utakapofanyika. Lengo ni kumtoa mikononi mwa kangomba, wanunuzi wanaozunguka vijijini na vipimo vyao vya kienyeji wakati wa shida, kama vile mkulima wa viazi anavyopambana na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo. Mfumo huu hubadilisha wakati wa kuuza na kuwakusanya wauzaji pamoja. Kiasi kinachozalishwa hauwezi kukigusa, na haujadai kwamba unaweza.

Mipaka yake ilionekana mwaka 2018. Msimu uliotangulia bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo minadani. Mwaka huo wanunuzi walikuja na bei za chini mno, na wakulima wa Mtwara na Lindi wakakataa kuuza. Novemba Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakatumwa kuzisomba. Kwa mkulima aliyekuwa akiangalia korosho zake zikishushwa thamani mbele ya macho yake, hilo lilikuwa tendo la kutetewa, na hakuna haja ya kulibeza. Lakini kununua si kuuza. Serikali ilibaki na mlima wa korosho, wanunuzi wakasubiri au wakaenda kununua Afrika Magharibi, uhakiki wa kutafuta kangomba ukachelewesha malipo ya wengi, na msimu uliofuata minada ikarudi kama zamani.

Kenya ilijaribu njia nyingine kwa chai. Julai 2021 kiliwekwa kiwango cha chini cha dola 2.43 kwa kilo kwa chai ya wakulima wadogo inayouzwa na shirika lao, KTDA, katika mnada wa Mombasa, chini ya hapo chai irudi ghalani. Kwa chai bora kiwango kilishika, na wapo wakulima walioona tofauti katika bonasi zao. Lakini Mombasa inauza chai za nchi nyingi, na wanunuzi walipoona chai ya Kenya ina sakafu na ya Rwanda au Uganda haina, waliigeukia isiyo na sakafu. Majani mabichi hayakupungua viwandani kwa sababu hapakuwa na mgawo wa kuchuma, na kila wiki kilichokosa mnunuzi kilirudi kwenye rundo la wiki iliyopita. Chai haizeeki vizuri. Ikikaa hupoteza rangi na harufu, na kila mwezi ghalani huipunguzia thamani. Mwaka 2024 kiwango kiliondolewa, na mamilioni ya kilo zilizokuwa zimelala Mombasa zikaanza kuuzwa kwa bei ambayo wanunuzi walikuwa tayari kuitoa.